Kilima cha shaba ni kisiwa: kikikatwa, maua yake yanaenda wapi?

Kila anayetoka Likasi kwenda Kolwezi ameviona karibu na Fungurume: vilima vyenye upara, majani mafupi kichwani, chini pori. Wazee wa kazi walijua maana yake. Pale miti inakataa kuota, mukuba iko.

Shaba ikizidi katika udongo ni sumu kwa miti mingi. Lakini kuna mimea iliyoizoea. Ua moja dogo, Haumaniastrum katangense, liliwaonyesha watafuta madini pa kuchimba, na wachunguzi wa mambo ya kale pale babu zetu walipoyeyusha shaba. Katika Katanga ya zamani vilima hivi vinapita 100. Wataalamu wamehesabu juu yake mimea kama 600, na zaidi ya 30 haioti mahali pengine duniani ila kwenye udongo wetu wa shaba na kobalti.

Mwaka 1967 Wamarekani wawili, Robert MacArthur na Edward Wilson, walitoa kitabu juu ya visiwa. Walisema hivi: kisiwa kikubwa kinatunza aina mingi ya viumbe kuliko kidogo, na kilicho karibu na kingine kinapata wageni wa kujaza nafasi ya waliokufa. Sababu si ngumu. Penye mimea 20 tu, moto mmoja wa kiangazi unaweza kumaliza yote. Penye 20,000, itabaki ya kuzaa.

Basi kilima chetu ni kisiwa, na bahari yake ni pori. Juu kwenye mawe kuna mimea yake, kwenye mteremko mingine, chini mingine tena, kwa sababu shaba haiko sawa kila mahali. Ndiyo maana kubakiza nusu ya kilima si kuokoa nusu ya mimea: upande uliokatwa unaweza kuwa ndio peke yake wenye ua fulani. Tena kilima kimoja hakisimami kwa niaba ya vyote. Mimea mingine inajulikana kwenye vilima vichache tu. Kule Fungurume kampuni ya mgodi na wataalamu wa vyuo wamehamisha udongo pamoja na mimea yake na kuhifadhi mbegu. Ni kazi nzuri. Lakini udongo uliohamishwa si kilima.

Pori nalo lina shida yake. Muputu na mutondo, miti inayotupa makala, uyoga na viwavi wa kula, hupasua maganda na kutupa mbegu karibu na mti mama. Mbegu hiyo haivuki uwanja mpana uliokatwa kabisa. Kipande cha pori kikibaki peke yake katikati ya mashamba na karieri, mti ukifa hakuna wa kuuletea mbegu. Lakini kisiki kikiachwa na mizizi yake, kinachipua tena. Anayeng'oa kisiki anamaliza yote.

Mtu atauliza: sisi tunatafuta mkate, maua yatatupa nini? Tuangalie Lubumbashi. Upande wa Penga Penga, pale moshi wa kiwanda uliua mimea, wataalamu walijaribu kufunika udongo kwa Microchloa kunthii, majani yanayoota kwenye vilima vya shaba. Majani yanashika vumbi lisiingie nyumbani na kifuani mwa watoto. Siku mgodi utakapofunga, malundo ya udongo yatabaki na sisi. Tukimaliza vilima vyote, tutatoa wapi mbegu ya kuyafunika?

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka kampuni iandikiane na jamii cahier des charges, na itenge angalau 0,3 % ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji. Kwenye mikutano hiyo tunaomba shule, visima na barabara, na tuko na haki. Tuongeze mambo matatu yasiyo na bei kubwa: kilima kimoja kiachwe kizima, toka juu mpaka chini, pori la kando ya mito liachwe liunganishe vipande vilivyobaki, na wakata makala waache visiki.

Baba anayeshuka shimoni leo anawatafutia watoto wake chakula. Watoto hao watahitaji pia udongo unaoota kitu.