Presha ya Mjamzito Inataka Dakika Tano

Kutoka vijiji vya Bonde la Rukwa kwenda Sumbawanga ni kupanda safu ya Lyamba lya Mfipa hadi mji ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai huku Ufipa baridi ni kali, na mjamzito huingia kliniki amevaa sweta, kitenge juu yake, pumzi bado haijatulia. Akivishwa mkanda wa presha papo hapo, juu ya sweta, namba itakayoandikwa kwenye kadi si ya kuaminika.

Mkanda hufungwa kwenye ngozi. Kukunja mkono wa sweta ukabana juu ya kiwiko nako kunaharibu kipimo. Heri mama autoe mkono nje kabisa.

Kwanza aende haja ndogo, kisha apumzike dakika tano, ameegemea kiti, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mkono ukining'inia, kila sentimita 10 chini ya moyo huongeza karibu milimita 7 hadi 8 za zebaki. Maongezi nayo hupandisha, kwa hiyo maswali ya nesi yasubiri. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha ambayo mama hana. Mkubwa mno huificha aliyo nayo, na hilo ndilo la kuogopesha zaidi.

Mpaka wenyewe ni mwembamba: 140 kwa namba ya juu, au 90 kwa ya chini, ikithibitishwa tena baada ya saa nne. Presha ikipanda baada ya wiki ya 20, na mkojo ukawa na protini, kifafa cha mimba kinanyemelea, hata kama mama anajisikia mzima. Kuzuilika kinazuilika: utafiti wa Magpie wa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000, ulionyesha kuwa magnesiamu salfeti hupunguza hatari yake kwa zaidi ya nusu.

Mama ana haki ya kusema, "Sista, nimetoka kupanda mlima, naomba nipumzike kwanza." Lakini namba ikisoma 160 kwa 110, isisingiziwe mlima. Hurudiwa ndani ya dakika 15, na ikibaki hapo matibabu huanza mara moja. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu au maumivu yakishika chini ya mbavu za kulia, aende kituoni siku hiyo hiyo, hata kama kipimo cha jana kilikuwa kizuri.