Soma Umbo la Maua Kabla Hujataja Bei

Wauza maua wenzangu, mteja anakutumia picha halafu anaandika tu: "Hii bei gani?" Usikimbilie kujibu. Angalia umbo kwanza, maana ndilo linalokuambia maua mangapi yataingia, yatakaa wapi na utayasafirishaje. Ukiteleza hapo, faida yote inaishia kwenye maua ya kuongezea.

Njia rahisi: sahau rangi. Finya macho mpaka uone kivuli tu, kisha fuata ukingo wa nje kwa kidole.

1. Duara. Kama bakuli lililofunikwa. Linatazamwa pande zote, kwa hiyo hakuna pa kuficha, maua yanazunguka kote. Linafaa katikati ya meza.

2. Pembetatu. Juu limechongoka, chini pana. Mara nyingi lina uso mmoja, linakaa ukutani au mapokezi. Nyuma unajazia majani.

3. Feni. Mashina yanaanzia sehemu moja na kutawanyika kama mkia wa tausi. Nalo kawaida ni la uso mmoja.

4. Wima. Refu na jembamba, gladiola linakaa vizuri hapa. Maua ni machache ila chombo kiwe kizito. Ukilipakia kwenye bodaboda likiwa limesimama, litalala njiani.

5. Mlalo. Limetanuka kushoto na kulia, kimo kifupi. Ni la meza ya chakula au meza kuu. Lisizidi sentimita 30 hivi kwenda juu, ili waliokaa waonane.

6. Mwezi mchanga na herufi S. Yote yanataka mashina yanayokubali kupinda. Hilo la S limepewa jina la Hogarth, mchoraji Mwingereza aliyeusifu mstari wa namna hiyo kwenye kitabu chake cha mwaka 1753. Maua si mengi, ila muda unaenda. Lipisha ufundi wako.

7. Maporomoko. Maua yanashuka kama maji, sana sana kwenye shada la bibi harusi. Yanataka kufungwa imara, yasichomoke mkononi.

Sasa mtego wenyewe: picha nyingi zimepigwa kwa mbele. Mteja anataka pembetatu, kumbe ataliweka katikati ya ukumbi. Nusu ya wageni watatazama majani! Ukilijaza pande zote, maua yanaweza kukaribia mara mbili. Kwa hiyo kabla ya bei uliza: "Litakaa ukutani au katikati? Watu watakuwa wamekaa au wamesimama?"

Na kipimo cha kuanzia: maua yapande juu ya chombo kama mara moja na nusu ya kimo cha chombo chenyewe. Chombo cha sentimita 20, maua sentimita 30. Mlalo haufuati hesabu hii.

Mkishaelewana, mwandikie mteja umbo, kimo na mahali litakapokaa, akubali, ndipo utaje bei. Siku ya shughuli hamtabishana.