Rivolva ya Fataki: Baruti, Goroli na Moto wa Chemba Sita

Rivolva ya fataki ni bastola ya karne ya 19 isiyotumia risasi zilizokwisha kufungwa kwenye maganda kiwandani. Mpigaji huziunda risasi zake humohumo ndani ya silaha: humimina baruti, huweka juu yake goroli ya madini ya risasi, huishindilia kwa wenzo, kisha huvisha fataki upande wa nyuma. Anayelijua gobore la wawindaji wa Tanzania anaijua nusu ya kazi hii. Tofauti ni kwamba gobore lina chumba kimoja cha moto, na rivolva kwa kawaida ina sita, vimepangwa duara ndani ya silinda moja na kutenganishwa na kuta nyembamba za chuma. Kila chemba ina milango miwili, wa mbele unaozibwa na goroli na wa nyuma unaozibwa na fataki. Karibu kila kanuni ya kuijaza silaha hii imetokana na haja ya kuifunga milango hiyo barabara, ili moto wa chemba moja usiingie katika nyingine.

Fataki ilitangulia bastola yenyewe. Mwaka 1807 mchungaji wa Scotland, Alexander John Forsyth, alipata hataza ya kuwasha baruti kwa kemikali inayolipuka ikigongwa. Alikuwa mwindaji wa ndege, na bunduki za gumegume zilimkera kwa sababu ndege waliona mwako wa kwanza wakaruka kabla risasi haijatoka. Kufikia miaka ya 1820 kemikali hiyo ilikuwa imewekwa ndani ya kikofia kidogo cha shaba, si kikubwa kuliko punje ya njegere. Kikofia hicho ndicho fataki, nacho huvishwa juu ya kifa, yaani kichomozo chenye tundu jembamba lipelekalo moto kwenye baruti.

Samuel Colt wa Hartford, Connecticut, alipata hataza yake ya Marekani mwaka 1836. Kiwanda chake cha kwanza, mjini Paterson katika jimbo la New Jersey, kilifungwa baada ya miaka michache kwa kukosa wanunuzi. Vita vya Marekani na Mexico ndivyo vilivyomwinua. Kapteni Samuel Walker alitaka silaha nzito kwa askari wa farasi, na mwaka 1847 ikatoka bastola yenye jina lake, yenye uzito wa takriban kilo 2. Baadaye zilikuja zile zilizokubalika zaidi: Colt Navy ya 1851, yenye mtutu wa inchi 0.36, na Colt Army ya 1860, ya inchi 0.44. Ya 1851 peke yake ilitengenezwa Hartford kwa idadi iliyopita 200,000. Mshindani wake mkuu katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, alikuwa Remington, ambaye fremu ya bastola zake ilizunguka silinda juu na chini, ilhali ya Colt iko wazi juu na mtutu wake hushikiliwa na kabari moja ya chuma.

Namna silaha hii inavyofanya kazi si ngumu kuielewa. Nyundo ikivutwa nyuma kwa dole gumba, kidole cha chuma kilichofichwa ndani husukuma silinda izunguke sehemu moja ya sita ya duara, kisha komeo huinuka kutoka chini na kuishika mahali pake, chemba ikiwa imelingana na mtutu. Kifyatulio kikivutwa, nyundo huanguka juu ya fataki. Katika bastola hizi hakuna namna ya kupiga bila kwanza kuivuta nyundo kwa mkono. Kwenye Colt nyundo hiyo ina kazi moja zaidi: mfuo wa kulengea umechongwa kichwani pake, kwa hiyo shabaha haionekani mpaka silaha iwe imetegwa.

Ujazaji huanza na silaha tupu. Mafuta yaliyopakwa wakati wa kuhifadhi huziba matundu ya vifa na kulowesha baruti, hivyo mpigaji hufuta kila chemba kwa kitambaa kikavu, huvisha fataki sita bila baruti, na kuzipiga mdomo wa mtutu ukielekezwa chini, karibu na unyasi. Unyasi ukitikisika, tundu liko wazi; usipotikisika, fataki nyingine huvishwa mpaka utikisike. Ni jambo la sekunde chache. Wanaoliruka hulijutia pale chemba yenye baruti na goroli inapokataa kuwaka, nayo haiwezi kutolewa goroli yake kirahisi.

Baruti inayotumika ni ile nyeusi ya kale, mchanganyiko wa shura sehemu 75, makaa 15 na kiberiti 10 katika kila mia. Baruti ya kisasa isiyo na moshi haifai hata kwa kipimo kidogo, kwa maana mgandamizo wake hupasua silinda. Baruti nyeusi yenyewe huuzwa kwa ukubwa wa chembe, na bastola hutumia chembe ndogo. Kipimo cha kulenga shabaha kwa Colt Navy ni karibu greni 15 hadi 20, sawa na gramu 1 hadi 1.3. Colt Army huchukua greni 25 au 30, ingawa hupiga kwa usahihi zaidi ikipunguziwa. Baruti humiminwa kwanza kwenye kipimo kidogo cha shaba, na kutoka hapo kwenye chemba. Haimiminwi moja kwa moja kutoka chupa yake, kwa sababu cheche iliyobaki ndani ya chemba kutoka kwenye mpigo uliotangulia inaweza kuiwasha chupa nzima mkononi mwa mtu.

Nyundo huvutwa nusu, kituo ambacho silinda huzunguka huru, na mtutu huelekezwa juu. Baruti huingia katika chemba ya kwanza. Ikiwa ni kidogo, juu yake huwekwa semolina kavu ili kujaza nafasi, maana wenzo una mwisho wake na hauwezi kuifuata goroli mpaka chini kabisa. Nafasi tupu kati ya baruti na goroli ni hatari; goroli lazima ikae juu ya baruti, imeigandamiza. Kisha goroli huwekwa mdomoni mwa chemba. Chemba za bastola ya inchi 0.36 huchukua goroli ya inchi 0.375 au zaidi kidogo, na za 0.44 huchukua 0.451 au 0.454. Haitumbukii yenyewe. Silinda huzungushwa mpaka chemba hiyo iwe chini ya kishindilio, wenzo huvutwa kwa nguvu moja isiyokatika, na goroli huingia kwa shida huku mdomo wa chuma ukiinyoa.

Pete nyembamba ya risasi hubaki pembeni mwa chemba, inang'aa kama fedha. Pete hiyo ndiyo ushahidi kwamba mlango wa mbele umefungwa: goroli imegusa chuma kuzunguka pande zote bila kuacha mwanya. Ikitoka nusu pete, au isitoke kabisa, goroli ni ndogo kuliko chemba. Lazima pia goroli izame chini ya ukingo wa silinda, la sivyo itagonga mtutu na silinda itakwama. Risasi inayotumika ni laini, isiyochanganywa na metali nyingine, kwa sababu risasi ngumu hukataa kunyolewa na huweza kuuvunja wenzo.

Juu ya goroli hupakwa shahamu, kwa kawaida mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na nta ya nyuki. Wengine huweka kipande cha sufu kilicholoweshwa mafuta kati ya baruti na goroli. Sababu inayotajwa sana ni kuzuia moto usirukie chemba za jirani, lakini faida kubwa zaidi ni kulainisha masizi, kwa maana joto la mpigo wa kwanza huyeyusha shahamu ya chemba zilizo karibu na kuitiririsha kabla hazijafikiwa. Kinachofunga mlango ni goroli yenyewe. Kipande cha sufu ni bora kuliko shahamu ya juu, kwa kuwa hakiyeyuki wala hakichafui mikono.

Fataki huvishwa mwisho, baada ya chemba zote kushindiliwa, silaha ikiwa imeelekezwa kwenye shabaha. Kuvisha fataki kabla ya kushindilia ni kuweka mkono mbele ya silaha iliyo tayari kuwaka. Fataki nayo ina saizi yake. Iliyo kubwa hulegea, na mshtuko wa mpigo mmoja huidondosha na kukiacha kifa wazi nyuma ya baruti. Iliyo ndogo haifiki chini, na nyundo hupoteza nguvu yake kuisukuma badala ya kuilipua. Inayofaa huvuliwa kwa ukucha kwa taabu kidogo.

Moto wa kurukia chemba nyingine umejadiliwa na wapigaji tangu siku za Colt, baadhi wakisema huingia mbele, kwenye goroli zisizobana, na wengine wakisema huingia nyuma, kwenye vifa vilivyodondosha fataki. Njia zote mbili ziko wazi kwa moto, na mwenye busara huzifunga zote. Katika bastola, goroli za pembeni mara nyingi hupita kando ya mtutu na mpigaji huokoka akiwa na mshtuko na fremu iliyoharibika. Katika bunduki ndefu za aina hiyo madhara yalikuwa mabaya zaidi. Colt alitengeneza bunduki ya silinda ya mwaka 1855, na askari aliyeishika kwa kawaida yake, mkono wa kushoto ukiwa mbele ya silinda, aliuweka mkono huo katika njia ya goroli. Wengi waliiogopa kwa sababu hiyo.

Kubeba rivolva ya fataki ikiwa imejaa chemba sita, nyundo ikiegemea fataki, ni kukaribisha ajali, kwa kuwa kuanguka tu kwaweza kuilipua. Colt aliweka vijiti vidogo kati ya vifa, na Remington akachonga mifuo, ili nyundo ipumzike hapo. Hata hivyo desturi iliyo salama zaidi ni kujaza tano na kuilaza nyundo juu ya chemba tupu.

Mpigaji huvaa miwani na vizibo vya masikio, kwa sababu vipande vya fataki na cheche huruka pembeni, hasa pale silinda inapokutana na mtutu. Hakuna kidole kinachopaswa kuwa mbele ya silinda. Mpigo wa silaha hii ni msukumo mpana zaidi kuliko pigo kali, na wingu jeupe la moshi wenye harufu ya kiberiti huficha shabaha. Bastola za Colt kwa kawaida hupiga juu ya mahali palipolengwa kwa umbali wa mita 25, hivyo mpigaji hulenga chini. Mtu aliyezifahamu vizuri aliweza kufika mbali: tarehe 21 Julai 1865, katika uwanja wa mji wa Springfield, Missouri, James Butler Hickok alimpiga Davis Tutt kifuani kutoka umbali wa takriban mita 70.

Fataki iliyokwisha kulipuka hupasuka na vipande vyake huanguka ndani ya mtambo, mbele ya nyundo. Ndiyo maana wengi huinua mtutu juu wanapoitega tena, vipande vianguke nje. Fataki ikigongwa na baruti isiwake, silaha hubaki imeelekezwa kwenye shabaha kwa dakika moja nzima bila kufunguliwa, kwa kuwa baruti yenye unyevu inaweza kuwaka kwa kuchelewa. Baada ya chemba kumi na mbili au kumi na nane silinda huanza kuwa nzito. Colt huvumilia zaidi, maana mhimili wake ni mnene na una mifuo ya kushika shahamu. Ule wa Remington ni mwembamba na huganda mapema, lakini silinda yake hutoka kwa kushusha wenzo na kuvuta pini moja tu.

Kujaza chemba sita kwa utaratibu huu huchukua dakika kadhaa. Askari wa wakati huo walipunguza muda kwa kutumia vifurushi vya karatasi inayoungua vilivyobeba baruti na risasi pamoja. Mwisho wa silaha hii uliletwa na ganda la shaba. Hataza ya Rollin White ya mwaka 1855, iliyoshikwa na Smith & Wesson, iliwazuia wengine kutoboa silinda mpaka nyuma hadi ilipokwisha mwaka 1869, na mwaka 1873 kampuni ya Colt ilitoa bastola ya maganda iliyochukua nafasi ya ndugu zake wa fataki.

Nakala za rivolva ya fataki zimekuwa zikitengenezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, nyingi zikitoka eneo la Brescia, kaskazini mwa Italia, katika viwanda kama Uberti na Pietta. Vyama vya wapigaji wa silaha za kale vimeungana chini ya kamati ya kimataifa iitwayo MLAIC, na katika shindano lake la Mariette mpigaji hupewa dakika 30 kupiga mara 13 kutoka mita 25, mipigo 10 bora ikihesabiwa. Masharti ya umiliki hutofautiana sana. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 inaziweka nyingi ya silaha hizi katika kundi la vitu vya kale, ilhali Uingereza hudai kibali kwa nakala zake.

Kazi ya siku humalizika kwenye beseni. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi hubaki kuwa masizi na chumvi baada ya kuungua, na chumvi hiyo hunywa unyevu wa hewa na kuanza kula chuma usiku huohuo. Mafuta peke yake hayaiondoi. Huondolewa na maji. Kabari hutolewa, mtutu na silinda huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, vifa hufunguliwa kwa ufunguo wake na kusafishwa nyuzi zake, na tundu la kila kimoja huchokolewa kwa waya mwembamba. Chuma kilichopata joto la maji hukauka chenyewe haraka. Kisha hupakwa mafuta mepesi, shahamu kidogo huwekwa kwenye mhimili na kwenye nyuzi za vifa ili visigande, na mpigaji hunawa mikono vizuri kabla ya kushika chakula, kwa sababu ameshika madini ya risasi kutwa nzima.