Mbwa wa Lindo na Dawa za Kukisia

Katika mtaa wa Mchesi, mjini Lilongwe, nchini Malawi, Kiswahili husikika pamoja na Kichewa. Miongoni mwa wanaokizungumza mjini humo ni watu wenye asili ya Kongo, Burundi na Rwanda, waliopitia kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa. Mahali hapo palikuwa gereza hadi palipofanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Huko, sawa na Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu, usiku mbwa ndiye mlinzi wa kwanza wa nyumba, na katika vikosi vya polisi ni msaidizi wa askari. Huko vilevile, mbwa akipata kidonda, mwenyewe aghalabu huanza kwa kutafuta vidonge vilivyobaki nyumbani, au hupita dukani kununua viwili vitatu vya rangi anayoikumbuka.

Kitendo hicho hutokana na huruma, na huenda mbwa akapata nafuu kwa siku chache. Lakini hapo ndipo hatari inapoanzia. Dawa za viuavijasumu, kama vile penisilini, amoksisilini na tetrasaiklini, huua bakteria au huwazuia wasizaane. Haziui virusi, haziui minyoo wala kupe, na haziondoi maumivu. Mbwa mchanga anayeharisha damu kwa ugonjwa wa parvo ana virusi. Daktari anaweza kumpa kiuavijasumu ili kuzuia bakteria wanaopenya katika utumbo ulioharibika, lakini uhai wake hutegemea zaidi maji anayorudishiwa mwilini, na kinga yake ni chanjo aliyopaswa kupata mapema. Kwa hiyo swali la kwanza si dawa gani itolewe. Swali la kwanza ni kama ugonjwa wenyewe umeletwa na bakteria.

Hata pale bakteria wanapohusika, si kila mara kidonge ndicho kinachohitajika kwanza. Jipu lililojaa usaha halina budi kupasuliwa na kusafishwa na mwenye ujuzi, kwa maana dawa iliyomo katika damu haipenyi vizuri ndani ya usaha. Mbwa anayejikuna hadi ngozi ikachubuka atarudi na vidonda vilevile baada ya mwezi, iwapo viroboto hawakuondolewa. Sikio linalonuka laweza kuwa na bakteria, fangasi, au mbegu ya nyasi iliyoingia wakati wa doria. Mambo hayo hayatambulikani kwa kutazama kwa mbali.

Upande wa pili, yapo maradhi ya bakteria ambayo bila dawa hizi mbwa hana matumaini. Wanajeshi wanayo sababu ya kukumbuka vita vya Vietnam. Kati ya mwaka 1968 na 1970, zaidi ya mbwa 100 wa jeshi la Marekani walikufa huko kwa ugonjwa uliowakondesha na kuwatoa damu puani. Ilibainika kwamba chanzo kilikuwa ni bakteria aitwaye Ehrlichia, anayeenezwa na kupe wa mbwa na kujificha ndani ya chembe nyeupe za damu. Kupe huyo yupo tele katika Afrika ya Mashariki na Malawi. Ugonjwa huo hutibiwa kwa doksisaiklini kwa muda wa wiki nne hivi, na mbwa huanza kuchangamka mapema, mara nyingi baada ya siku chache tu. Askari anayeacha dawa siku hiyo kwa kuwa mbwa ameanza kula huwa amemwacha adui ndani ya ngome.

Kipimo cha dawa hufuata uzito wa mwili. Mbwa wa polisi wa kizazi cha Kijerumani huweza kuwa na kilo 35, na mbwa wa kawaida wa mtaani asifikie hata kilo 15. Kumpa kila mmoja kidonge kimoja ni kumdhulumu mmoja wao. Ipo pia tabia ya kuchukua tetrasaiklini ya sindano iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe na kumdunga mbwa kwa kukadiria. Dawa hiyo ni kali, na huweza kuharibu nyama mahali ilipodungwa. Tetrasaiklini huacha madoa katika meno ya mbwa wachanga, na enrofloksasini huweza kudhuru viungo vya mbwa anayekua. Kuhusu dawa za maumivu za binadamu, inatosha kusema kwamba ibuprofeni humtoboa mbwa tumbo na kumwua figo.

Zamani ilidhaniwa kwamba siku nyingi za dawa ndizo salama zaidi. Siku hizi madaktari huagiza muda mfupi kadiri ugonjwa unavyoruhusu, na muda huo ndio wa kufuatwa, usipunguzwe wala kuongezwa. Ikiwa baada ya siku mbili tatu hakuna nafuu, mbwa arudishwe kwa daktari wa mifugo. Kuongeza kipimo maradufu si dawa.

Mwaka 1945, akipokea Tuzo ya Nobel, Alexander Fleming aliyegundua penisilini alionya kwamba kipimo hafifu huwafundisha bakteria kuistahimili dawa. Onyo hilo limetimia. Mjini Blantyre, katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, homa ya matumbo iliyo sugu kwa dawa kadhaa za kawaida ilikuwa jambo la nadra kabla ya mwaka 2011, lakini kufikia mwaka 2014 karibu wagonjwa wote wa homa hiyo walikuwa na aina hiyo sugu. Mbwa hawakuhusika na kisa hicho. Hata hivyo bakteria sugu wa ngozi ya mbwa huweza kumhamia binadamu anayemtunza, na askari hulala jirani na mbwa wake, humpiga mswaki na kumfunga vidonda. Anawe mikono kwa sabuni kila amalizapo, na asimwachie mbwa kulamba jeraha lake.

Limebaki jambo ambalo kukosea kwake hakurekebishiki. Mbwa anayetokwa na udende, taya likiwa limelegea na sauti imebadilika, huonekana kama aliyekwamwa na mfupa. Wapo waliomfungua kinywa mbwa wa namna hiyo ili kumtia vidonge. Huenda huyo ana kichaa cha mbwa, ugonjwa wa virusi usiosikia kiuavijasumu chochote, na uliokwisha kuua watoto wengi Blantyre hata kampeni kubwa ya kuchanja mbwa ikaanzishwa huko mwaka 2015. Mbwa kama huyo asishikwe. Afungiwe, na daktari wa mifugo aitwe. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama jeraha ni dogo.

Mbwa aliyeuma mtu naye akaonekana mzima hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10. Ikilazimu auawe, askari mwenye bunduki asimlenge kichwani. Uchunguzi wa ugonjwa huo hufanywa katika ubongo, na kichwa hakina budi kufika maabara kikiwa hakijaharibika, kimehifadhiwa katika barafu.