Mwaridi mfupi wa manjano: kazi kubwa ni kabla ya kupanda

Kaunti ya Nakuru inajulikana mbali kwa maua ya waridi. Malori hubeba maua kutoka mashamba yaliyo kando ya Ziwa Naivasha hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na kutoka hapo hufika katika masoko ya Ulaya. Lakini katika maboma mengi ya kaunti hii hii, mwaridi uliopandwa karibu na mlango haudumu. Majani hupata madoa meusi, yanageuka manjano na kuanguka, na baada ya misimu miwili kunabaki vijiti vyenye miiba. Wanaopenda rangi ya manjano ndio huumia zaidi.

Hasara si ya maua pekee. Mwenye boma hununua dawa asiyoijua vizuri na kuinyunyiza mahali watoto wanapocheza. Wakati wa kiangazi humwagia mimea hiyo maji aliyoyanunua kwa mtungi. Gharama hiyo inaweza kuepukika. Mwaridi wa manjano ulio mfupi, unaofika kati ya sentimita 60 na 90, unaweza kudumu miaka mingi kwa kazi ndogo ya kila wiki. Kinachoamua ni mambo matatu yanayofanywa kabla mche haujaingia ardhini: aina iliyochaguliwa, mahali pa kupanda na shimo lenyewe.

Kwa nini rangi ya manjano husumbua

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, bustani za Ulaya zilikuwa na mawaridi mengi ya waridi, mekundu na meupe, lakini manjano iliyokolea na inayochanua mara kwa mara ilikuwa adimu. Mwaka wa 1900, mkulima Mfaransa Joseph Pernet-Ducher wa mji wa Lyon alitoa aina iitwayo 'Soleil d'Or'. Aliipata kwa kuchanganya waridi la bustani na waridi la manjano lenye asili ya Asia Magharibi, ambalo wataalamu huliita Rosa foetida. Miwaridi mingi ya manjano inayopandwa leo ina damu ya mchanganyiko huo.

Rangi ilikuja na udhaifu wake. Rosa foetida hushambuliwa kwa urahisi na ugonjwa wa madoa meusi, na vizazi vyake vingi vilirithi tabia hiyo. Ndiyo sababu mwaridi mwekundu wa jirani unaweza kubaki na majani msimu mzima huku wa manjano, uliopandwa siku moja na huo, ukipukutika. Tangu wakati huo wazalishaji wamefanya kazi ya kupata aina za manjano zinazostahimili ugonjwa. Mfano ni 'Friesia', iliyozalishwa Ujerumani na familia ya Kordes katika miaka ya 1970. Ni fupi, ina harufu nzuri, na rangi yake haipauki haraka kama ya aina nyingine ambazo huchanua manjano kisha zikageuka krimu baada ya siku chache.

Si kila kitalu cha miche kina aina hiyo. Kwa hivyo anayenunua asitegemee jina pekee. Amuulize muuzaji maswali matatu: mmea ukikomaa hufika urefu gani? Majani yake hustahimili madoa meusi? Je, huchanua mara kwa mara au mara moja tu kwa msimu? Kama kitalu kina mmea mkubwa wa aina hiyo, aombe kuuona, hasa wakati wa mvua. Majani ya chini yakiwa mazima na ya kijani, hilo ni jibu bora kuliko maelezo ya muuzaji.

Kijiti cha shada si mche wa bustani

Wakazi wengi huchukua kijiti kutoka kwenye shada la maua, au kutoka kwa mtu anayefanya kazi katika shamba la maua, na kukichomeka ardhini. Huenda kikaota, lakini kuna matatizo mawili.

Kwanza, mawaridi ya kuuzwa nje hutengenezwa kwa ajili ya kukua ndani ya vivungulio, yaani nyumba za plastiki, ambako mvua haigusi majani na kuna watu wa kuangalia magonjwa kila siku. Yanatakiwa kuwa na shina refu lililonyooka. Yakipandwa nje hurefuka, huyumba na kuugua.

Pili, aina nyingi kati ya hizo zimelindwa kisheria. Kenya ni mwanachama wa muungano wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, UPOV, tangu 1999, na shirika la KEPHIS ndilo linalosimamia haki hizo nchini. Kuzalisha miche ya aina iliyolindwa na kuiuza bila idhini ya mwenye haki ni kinyume cha sheria. Vilevile, anayetaka kuleta mche kutoka nchi nyingine anahitaji kibali cha KEPHIS kabla ya kuuingiza, hata kama ni mche mmoja kwenye mkoba.

Mahali: Naivasha si Molo

Mwaridi unahitaji jua la moja kwa moja kwa saa 6 au zaidi kwa siku. Jua la asubuhi ndilo bora, kwa sababu hukausha umande kwenye majani mapema. Ukungu unaosababisha madoa meusi huhitaji jani lililolowa kwa takriban saa 7 mfululizo ili uingie. Jani linalokauka mapema hukwepa ugonjwa bila dawa.

Katika maeneo yenye mvua nyingi na baridi kama Molo na Kuresoi, adui mkubwa ni unyevu. Huko, miche iachiwe nafasi ya sentimita 90 kati ya mmoja na mwingine, na isipandwe chini ya miti au kwenye kona ambako upepo haupiti. Naivasha na Gilgil ni kukavu zaidi, kwa kuwa milima ya Aberdare huzuia sehemu ya mvua. Huko madoa meusi hupungua, lakini siku za joto na usiku wa baridi huleta ukungu mweupe unaofanana na unga juu ya majani machanga, na vumbi huleta utitiri mwekundu. Nafasi ya sentimita 60 hadi 75 inatosha.

Kwa usalama, mmea wenye miiba uwe angalau mita moja kutoka kwenye kijia, lango na mahali pa kuchezea watoto.

Shimo na kupanda

Wakati mzuri ni mvua ya masika inapoanza, kati ya Machi na Aprili, au mvua ya vuli mwezi wa Oktoba. Mvua itafanya kazi ya kumwagilia mizizi michanga.

Shimo liwe na upana na kina cha sentimita 45. Udongo wa juu utengwe na ule wa chini. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza kabisa au mboji, sehemu tatu za udongo kwa sehemu moja ya samadi. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kabla ya kupanda, mwaga ndoo ya maji ndani ya shimo. Ikiwa maji bado yapo baada ya saa chache, mahali hapo hapapitishi maji vizuri. Tafuta pengine, au inua tuta.

Miche mingi ya kitalu hubebeshwa juu ya shina la mwaridi mwingine wenye mizizi imara. Chipukizi lolote linaloota chini ya kiungo hicho si la manjano uliyonunua. Ling'olewe mara linapoonekana, kwani likiachwa huumeza mmea wote.

Maji kidogo, kwa njia sahihi

Katika miezi mitatu ya kwanza, kama hakuna mvua, mche upewe lita 10 mara mbili kwa wiki. Baada ya hapo lita 10 mara moja kwa wiki wakati wa kiangazi zinatosha. Maji mengi kwa siku moja hushuka chini na kuifanya mizizi ifuate. Maji kidogo kila jioni huifanya mizizi ikae juu, na mmea hunyauka siku ya kwanza utakaposahaulika.

Mwagilia asubuhi, kwenye udongo, si juu ya majani. Kisha funika udongo kwa nyasi kavu au majani makavu, unene wa sentimita 5 hadi 8, bila kugusa shina. Matandazo hayo hupunguza maji yanayopotea, huzuia magugu na huzuia matone ya mvua kurusha vimelea vya ugonjwa kutoka ardhini hadi kwenye majani. Maji yaliyooshea mboga yanafaa. Yenye dawa ya kung'arisha nguo hayafai.

Kupogoa mara mbili kwa mwaka

Hapa kwetu hakuna majira ya baridi kali yanayoulaza mwaridi, kwa hivyo mwenye bustani ndiye anayeupangia mapumziko. Mwishoni mwa Februari, kabla ya masika, kata theluthi moja ya urefu kwa mkasi mkali, na ondoa matawi makavu na yanayokwaruzana katikati. Maua mapya huja baada ya takriban wiki 6 hadi 8. Mwezi wa Septemba punguza tena kidogo. Katikati ya misimu, kata maua yaliyonyauka, na zoa majani yenye madoa na kuyafukia mbali na bustani. Mvua inapoanza, karai moja ya mboji kwa kila mmea inatosha. Mbolea nyingi ya kukuza majani huita wadudu na ukungu.

Dawa iwe ya mwisho

Vidukari, wadudu wadogo wa kijani wanaojikusanya kwenye ncha changa, huondolewa kwa kuwapiga kwa maji au kuwafuta kwa vidole. Mdudu mwekundu mwenye madoa meusi mgongoni asiuawe, kwa sababu huwala vidukari.

Ikilazimu kutumia dawa, iwe ile iliyosajiliwa na bodi ya PCPB, ikiwa kwenye chombo chake chenye maelezo ya matumizi. Dawa ya shambani iliyomiminwa kwenye chupa ya soda isiletwe nyumbani kwa vyovyote vile. Haina kipimo, haina onyo, na mtoto huiona kama kinywaji. Mmea unaohitaji kunyunyiziwa kila mara haufai kwa boma hilo. Ni nafuu kuung'oa na kupanda aina inayostahimili kuliko kuendelea kununua dawa.

Wakazi wanaotaka ushauri kuhusu udongo, miche au magonjwa wanaweza kumwona afisa wa kilimo wa wadi yao. Ni vyema kubeba jani lenye ugonjwa ndani ya mfuko uliofungwa, ili afisa aone tatizo lenyewe kabla ya kutoa ushauri.