Nyavu Zizungukazo Samaki

Sisi wa Genkuru hatulioni ziwa tuamkapo, lakini samaki wa Viktoria hutufikia hata sokoni kwetu. Basi na tujue jinsi wavuliwavyo, maana nyavu si zote sawa.

Uko wavu uitwao kokoro. Kamba ya upande mmoja hushikwa na watu ufukoni. Mtumbwi huenda majini ukiutoa wavu kwa kuzunguka, kisha hurudi nchi kavu na kamba ya pili. Juu pana maboya, chini pana vizito, katikati umo mfuko. Makundi mawili huvuta huku yakisogeleana, hata mfuko ufike mchangani na vyote vilivyomo. Wajaluo wa zamani walisuka mafunjo kwa kazi ya namna hii.

Shida yake ni hii. Ngege dume huchimba kiota katika maji haba karibu na ufuko, na jike hulea mayai na watoto kinywani mwake. Kokoro hufagia papo hapo. Bwana Michael Graham, alipolichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, alishauri matundu ya nyavu za ngege yasipungue inchi 5. Kokoro lenyewe lilikatazwa Tanzania katika miaka ya 1990, hata hivyo lingali likivutwa kwa siri. Nami sipendi kumhukumu upesi mvutaji, kwa kuwa hana mtumbwi wala wavu, ila mikono tu, na ujira wake mara nyingi ni samaki wachache wa kupeleka nyumbani.

Dagaa wana habari nyingine. Huvuliwa usiku wa giza: taa huwekwa juu ya maji, zamani za karabai, siku hizi nyingi za umeme wa jua, dagaa hukusanyika mwangani, na wavu wa matundu madogo sana huwazunguka na kuinuliwa. Mbalamwezi ikiwaka, kazi husimama. Dagaa hata mzima ni mdogo kama kidole, naye huzaa upesi. Watoto wetu humla pamoja na mifupa yake, ikawatia nguvu mifupa yao. (Mama, mwoshe vizuri, kwani wengi huanikwa mchangani.)

Lakini wavu ule ule ukitupwa karibu na ufuko huzoa vitoto vya sangara na ngege. Ukiviona katika fungu lako la dagaa, mwulize mwuzaji ulitupwa wapi.