Pato la Mwaka la Ardhi ya Lukole

Mkulima akitaka kujua mali yake, hahesabu magunia yaliyomo ghalani tu. Huhesabu na mavuno ya kila mwaka. Hesabu hiyo yafaa kufanywa pia juu ya misitu, mbuga na vinamasi, maana wengi wetu tukiuona mti umesimama twadhani ndio pato lenyewe.

Mwaka 1975 mtaalamu wa Marekani, Robert Whittaker, alitoa makadirio ya mimea inayoota kila mwaka, ikipimwa ikiwa mikavu. Katika meta moja ya mraba, msitu wa mvua wa nchi za joto hutoa kilo 2.2 hivi, mbuga yenye miti, gramu 900, shamba, gramu 650, bahari kuu, gramu 125 tu. Kinamasi hushindana na msitu: kilo 2 na zaidi. Ndugu zetu wa pwani wasikasirike, kwani bahari hujilipa kwa ukubwa wake.

Sasa tuitazame Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco. Huko Lukole nako, kambi ya ndugu zetu wa Burundi ilidumu hadi mwaka 2008. Kila jiko lilitaka kuni, na kila kibanda kilitaka fito. Hatumlaumu mkimbizi, maharage hayaivi kwa jua. Lakini zile gramu 900 za mbuga nyingi ni nyasi na majani, chakula cha moto na mifugo. Kinachogeuka gogo la kuni ni sehemu ndogo. Basi zilikatwa kuni za miaka mingi kwa muda mfupi, na akina mama wakazifuata mbali zaidi na zaidi. Lililoliwa ni ghala, si mavuno.

Kandokando ya Kagera na Ruvubu yamesimama mafunjo. Mpita njia huona matope na mbu. Kumbe mmea ule, kwa kuwa mizizi yake haikosi maji wala rutuba ya tope, hukua upesi kuliko karibu kila kilichoko kilimani. Ni kweli, mafunjo hayaliwi na mahindi huliwa. Hatusemi bonde lisiguswe. Twasema anayekausha kinamasi aijue bei: hubadilisha kilo 2 kwa gramu 650, tena hupoteza mazalio ya samaki. Twaziomba halmashauri za Ngara na Biharamulo, kabla ya kutoa ruhusa ya kukata au kukausha, zipime kwanza kinachoota kwa mwaka mahali hapo.